Mkono Niliouchelewesha

Watu hudhani refa hukumbuka mabao. Mimi nilipuliza filimbi karibu miaka ishirini, na sita ya mwisho nilikuwa na beji ya kimataifa kifuani, lakini ukiniuliza leo nani alifunga kule Lusaka au Kampala nitakwambia kaulize wenye magazeti. Ninaowakumbuka ni walioanguka. Namkumbuka kila mchezaji aliyelala chini mbele yangu, alilalia ubavu gani, na mimi nilichukua muda gani kuinua mkono. Hiyo ndiyo kumbukumbu iliyonibakia, na sikuichagua.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi nje kidogo ya mji wa Rongo. Kila alfajiri nilikimbia kwenye barabara ya vumbi katikati ya mashamba ya miwa, mbele na kinyumenyume, maana refa hurudi nyuma akikimbia kuliko mchezaji yeyote. Kina mama waliokuwa wakienda sokoni na ndoo kichwani walisimama kunitazama. "Japuonj," walinitania, yaani mwalimu kwa Dholuo, lugha yetu, "nani anakufukuza ambaye sisi hatumuoni?" Mke wangu alisema afadhali ningekuwa mlevi, kwa sababu mlevi watu humwelewa. Nilicheka nao, lakini moyoni nilikasirika. Niliitaka ile beji kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote. Miaka ile ya tisini mwanzoni, kila mwenye sauti katika mpira wetu alikaa Nairobi, na sisi wa Migori na Homa Bay tulikuwa watu wa kujaziliza ratiba. Jogoo wa shamba hawiki mjini, waliniambia. Mimi nina hasira za kimyakimya. Ukiniambia siwezi, nitakimbia kinyumenyume mpaka mpaka wa Tanzania.

Siku moja barua ikaja. Mkaguzi wa marefa angekuja kuniangalia katika mechi moja ya ligi pale Homa Bay. Mechi moja tu. Akiniona nafaa, jina langu lingepelekwa mbele pamoja na ya wengine wanaoombewa beji. Akiona sifai, ningebaki kuchezesha fainali za shule na michezo ya sherehe za chifu hadi magoti yachoke. Nilimsomea mke wangu barua ile mara mbili jikoni, yeye akiendelea kuchagua mchele. "Usiwe mkali sana," aliniambia. "Ukitaka kitu sana huwa mkali." Nilimjibu kwamba ukali ndio kazi yenyewe.

Hapa lazima nieleze jambo moja ambalo mtazamaji halijali. Mtu wa huduma ya kwanza haruhusiwi kukanyaga uwanja mpaka refa amwite kwa mkono. Mchezaji anaweza kuwa amelala hatua tano kutoka kwenye mstari, yule mtu atasimama pale na mkoba wake, macho yote kwenye mkono wa refa. Sheria hiyo ina maana yake. Bila hiyo kila timu inayoongoza ingeingiza watu wake kila dakika kupoteza muda. Niliifundisha sheria hiyo kwa marefa wadogo, na nilijivunia kuijua vizuri.

Timu ya nyumbani siku ile ilihudumiwa na mzee mmoja wa Magunga, dresa mstaafu. Alikuwa amefunga vidonda hospitalini miaka thelathini, na alipostaafu watu wa kwao waliendelea kumpelekea watoto waliokatwa na jembe, waliomeza sarafu, walioungua kwa uji. Hakutoza kitu zaidi ya kuku wa hapa na pale. Alisimama kando ya mstari na koti lake la kaki lililofuliwa hadi likapauka, na mkoba wa ngozi. Kabla ya mechi alikuja kunisalimia kwa mikono miwili ingawa alikuwa wa umri wa baba yangu. Alisema amefurahi kuona mtu wa huku anaangaliwa na wakubwa. "Utatutoa kimasomaso, japuonj," aliniambia.

Kipa wao alikuwa kijana wa Kosele, umri wa miaka ishirini na miwili hivi, mrefu, mcheshi, na mlaghai wa kupindukia. Timu yake ikitangulia kwa bao, kipa huyu alikuwa mgonjwa. Alishika goti, alishika mgongo, siku moja alishika sikio. Mashabiki walimpenda kwa sababu hiyo hasa. Akianguka walipiga kelele kana kwamba amefunga bao.

Na walitangulia. Dakika ya ishirini walipata bao moja, na dakika ya ishirini na tano kipa akaanguka bila kuguswa. Yule dresa hakungoja. Alikimbia ndani na mkoba wake kwa huruma tu. Nilimwendea mbele ya watu wote nikamnyooshea kidole.

"Jaduong', mzee, ukiingia tena bila mkono wangu, nitakutoa nje ya uwanja huu. Umesikia?"

"Nimesikia, japuonj. Nilifikiri kijana ameumia."

"Kufikiri ni kazi yangu."

Niliyasema hayo. Mzee alirudi kwenye mstari ameinamisha kichwa. Kipa akainuka mwenyewe akipangusa matako, na uwanja mzima ukacheka.

Kabla ya mapumziko alianguka tena. Safari hii niliinua mkono nikamwita dresa kwa utaratibu, na mzee alipofika nusu ya njia kipa akaruka juu, akadaka mpira, akampigia saluti. Waliocheka safari ile walinicheka mimi. Nilihisi shingo ikiwaka. Huko kwenye viti vya mbao, mkaguzi alikuwa ameweka miguu juu ya benchi na daftari juu ya paja, naye hakucheka.

Wakati wa mapumziko alinifuata kwenye darasa tulilotumia kubadilisha nguo. "Mwalimu, hawa watu wanakuchezea," alisema. "Kipa analala kama yuko kwao. Huko nje, refa hachezewi. Mimi nataka kuona kama wewe ni mtu wa huko nje ama ni wa hapa hapa." Alinigonga bega akatoka. Nilikaa kwenye dawati la mtoto, nikajiapiza kwamba yule kipa hatanifanya mjinga mara ya tatu.

Zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja wageni walipopata kona. Mpira ulikuja juu, watu wanane wakaruka pamoja, nikaona migongo tu. Mpira ukapita juu ya goli. Waliporudi chini, wote walisimama isipokuwa kipa. Alikuwa amelala chali, mkono mmoja chini ya mgongo.

Sikuona goti lililompata shingoni. Nimejaribu kuliona miaka yote hii nikashindwa. Nilichoona ni kipa yule yule, timu ile ile ikiwa mbele, na dakika kumi na moja za kupoteza.

Nilivaa saa mbili kwenye mkono wa kushoto, kama marefa wengi wa wakati ule. Moja haisimamishwi. Ya pili huisimamisha kila mchezo unapokatizwa, na tofauti ya saa hizo ndiyo dakika utakazoongeza mwishoni. Niliibonyeza ile ya pili. Nikasimama hatua tatu kutoka kwa kijana, nikajishika kiuno, nikasema kwa sauti ya darasani, "Amka. Nishakujua."

Mashabiki walikuwa wakishangilia. Dresa alikuwa kwenye mstari nyuma ya goli, ncha za viatu vyake zikigusa chokaa, na nilimsikia vizuri. "Refa! Niingie?"

Nilimwonyesha kiganja. Ngoja.

Kisigino cha kipa kilikuwa kikipiga nyasi, taratibu, kama mtu anayechoka kusubiri. Nilikichukulia hivyo, kwamba ananidharau. Fowadi mmoja wa wageni, mtu ambaye timu yake ndiyo iliyouhitaji muda, aliinama akamtazama, kisha akanigeukia. "Refa, huyu hapumui poa." Nilimwambia yeye si daktari, arudi kwenye nafasi yake. "Refa!" dresa aliita tena. Hakuvuka mstari. Nilikuwa nimemkataza, naye alikuwa mtu wa kufuata aliloambiwa.

Sasa lile ambalo sijawahi kulisema mbele ya watu. Nilifurahi. Nilijua mkaguzi ananiona, nikafurahi jinsi nilivyosimama. Nilitazama saa zangu na kujiambia kwamba hakuna kinachopotea, dakika hizi zote nitaziongeza mwishoni. Refa huzoea kufikiri hivyo. Kwake muda uliopotea huwekwa pembeni, halafu hurudishwa.

Kisigino kiliacha kupiga nyasi. Hapo ndipo nilipoinua mkono. Saa zangu zilisema zimepita dakika mbili na nusu na kidogo.

Mzee alikimbia kama kijana. Alipiga magoti, akamgeuza kipa ubavu, akaingiza vidole viwili mdomoni mwake akautoa ulimi uliomziba koo, akamlaza chali tena, akaanza kumsukuma kifua akihesabu kwa Dholuo. Katikati ya kuhesabu aliinua macho akanitazama mara moja. Hakuwa na hasira. Alikuwa akinitazama kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba ameruhusiwa kweli. Kipa alibebwa kwenye machela ya mbao hadi kwenye pikapu ya muuza samaki, dresa akapanda nyuma pamoja naye, na pikapu ikaondoka.

Nami nikaendelea na mechi. Kipa wa akiba akavaa glavu, nikapuliza filimbi, tukacheza dakika kumi na moja, halafu nikaongeza nyingine tisa kwa haki kabisa. Wageni hawakusawazisha. Nilikuwa bado nafungua kamba za viatu kwenye lile darasa mtu alipoingia kusema kijana hakufika hospitalini akiwa hai.

Mkaguzi alifunga mlango. Alinipa maji, akanikalisha, akaniwekea fomu ya ripoti mbele yangu. Palikuwa na nafasi ya kuandika huduma ya kwanza iliitwa lini. Kalamu yangu ilisimama pale.

"Andika mara moja," alisema.

"Haikuwa mara moja."

"Mwalimu, kijana amekufa. Ukiandika vingine atafufuka?" Aliongea kwa upole, kama mtu anayemsaidia mgonjwa kula. "Mla ng'ombe mzima hashindwi na mkia. Umechezesha vizuri sana. Usijizike na yeye."

Nikaandika kwamba mhudumu wa timu aliitwa mara moja. Nilibonyeza kalamu ili maandishi yafike hadi nakala ya tatu. Sikumfikiria dresa hata kidogo. Kama ningemfikiria labda nisingeandika, au labda ningeandika tu. Sitaki kujisifu kwa jambo ambalo sikulifanya.

Mazishi yalikuwa Kosele wiki iliyofuata. Kwetu mtu hazikwi kimya. Vipaza sauti hufungwa kwenye miti, na kila aliyemjua marehemu hupewa nafasi aseme; wengine husifu, wengine huuliza kwa sauti kubwa, nani alimuua mtoto wetu? Mama yake alikaa karibu na jeneza ameshika glavu za kipa mapajani. Walinipa kiti cha mbele kwa sababu nilikuwa refa. Walimu wenzangu kutoka Rongo walikaa nyuma yangu.

Baada ya wajomba, katibu wa timu alishika kipaza sauti. Alisema kuna maneno mengi mtaani, wengine wanasema uchawi wa wageni, wengine wanasema refa, kwa hiyo yeye ameleta karatasi, na karatasi haiongopi. Akafungua nakala ya ripoti yangu akaisoma kwa Kiingereza, kisha akaitafsiri kwa Dholuo pole pole, sentensi kwa sentensi. Alipofika pale niliposema mhudumu aliitwa mara moja, akarudia.

Watu waligeuka. Nilikuwa na hakika kwamba wananitazama mimi. Hawakunitazama mimi. Waligeukia upande wa ua, alikokuwa amesimama mzee wa koti la kaki.

"Yawa, jamani!" mwanamke mmoja alilia. "Aliitwa, akasimama tu!"

Dresa alivua kofia. Alitembea hadi kwenye kipaza sauti ingawa hakuna aliyemwita, na vijana wakampisha kwa chuki. Alinitafuta kwa macho akanipata. Alikuwa akinisubiri. Hata leo siwezi kulisema vingine: alisimama mbele ya umati ule akinisubiri, kama alivyosimama kwenye mstari.

Sikufungua mdomo.

"Mimi sikuona mkono," alisema hatimaye. "Kama refa aliniita, basi sikuona. Naomba msamaha kwa mama ya huyu mtoto."

Mama aligeuzia uso kwenye jeneza. Jiwe dogo lilirushwa kutoka nyuma likampata mgongoni, si kwa nguvu, naye akavaa kofia yake akaondoka kupitia nyuma ya zizi. Baadaye nilipewa kipaza sauti. Nilisema kwamba marehemu alikuwa mchezaji hodari na kwamba Mungu aifariji familia. Sauti yangu ilisikika vizuri sana. Mwalimu mmoja alinisifu kwamba nimezungumza kwa hekima.

Beji ilikuja baada ya miezi kadhaa. Katika sababu zilizonipatia beji hiyo, mkaguzi aliandika kwamba nina uthabiti chini ya shinikizo na sidanganywi na wachezaji. Mke wangu aliishona kwenye mfuko wa shati jeusi, amekaa mlangoni penye mwanga. Alipofika upande wa mwisho alikata uzi kwa meno, akauliza bila kunitazama.

"Ulimwita mara moja kweli?"

"Si niliandika?"

"Nimeuliza kama ulimwita."

Nilimnyang'anya shati nikaenda kulipiga pasi mwenyewe. Hakuuliza tena, na kwa kuwa hakuuliza tena nilijua kwamba amejibiwa.

Nilichezesha Kampala, Lusaka, Dar es Salaam, Addis Ababa. Nilipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani nikiwa na filimbi mfukoni. Shuleni waliniandalia ngoma, na kina mama wale wale wa sokoni sasa walinipisha njia. Mtu angesema mambo yamenyooka. Mwenye kovu usidhani amepoa.

Katika kila uwanja nilimkuta. Nilipotoka kwenye lango na timu zikiwa nyuma yangu, jicho langu lilikwenda mahali pa watu wa huduma ya kwanza, na katikati ya vijana wenye fulana nyeupe na masanduku mapya alikuwepo mzee wa koti la kaki, ncha za viatu kwenye chokaa, akiutazama mkono wangu. Nikipepesa macho alipotea. Nilikuwa naye Lusaka chini ya mvua. Kule Addis, pumzi zinapokuwa fupi kwa sababu ya mwinuko, nilimsikia akiita kabisa. "Refa! Niingie?" Niliinua mkono na hakuna aliyekuwa ameanguka. Wachezaji walinishangaa, nikajifanya najinyoosha bega.

Mchezaji akigusa nyasi tu, mkono wangu ulikuwa juu. Niliwaita madaktari kwa mtu aliyeteleza, kwa mtu aliyekuwa akifunga kamba za viatu. Makocha walinung'unika, na marefa wenzangu walinipa jina la utani, Ambulensi. Nililicheka pamoja nao. Wakaguzi waliandika kwamba mechi zangu hazina kasi, na mechi kubwa zikaanza kwenda kwa wengine. Sikusikitika. Niliogopa, na mtu anayeogopa hana nafasi ya kusikitika.

Darasani ilikuwa mbaya zaidi. Watoto huinua mikono, hukaa wameiinua wakikusubiri uwaelekezee kidole. Mara nyingine nilisahau swali nililouliza, nikabaki kuitazama mikono ile midogo hadi ikaanza kutikisika kwa uchovu. Mwalimu mkuu alidhani nina malaria ya kujirudia, akanipa ruhusa ya siku tatu.

Umri ulipofika nilivua beji, maana kimataifa wana mwaka wao wa kukuambia basi. Nilidhani mzee ataondoka na beji. Alibaki. Sasa alikuwa akisimama mwisho wa shamba langu la mahindi mchana kweupe. Mke wangu alinikuta siku moja nimesimama katikati ya mistari ya mahindi nimeinua mkono juu. Aliweka jembe chini.

"Nenda Magunga," alisema. "Si kwa ajili yangu. Nimechoka kuishi na watu wawili."

Nilifika kwake saa nne asubuhi. Nyumba yake ya mabati ilikuwa upande unaotazama milima ya Ruma, na yeye alikuwa akifunga nyanya kwenye vijiti kwa vipande vya kanga. Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa amezeeka kuliko yule niliyetembea naye nchi zote zile, na alivaa miwani minene iliyofungwa kwa uzi. Alinitazama muda, akaivua, akanitambua, akaivaa tena.

"Japuonj wa kimataifa!" alisema, na kusema kweli alifurahi. Alinikalisha kivulini, akaita ndani mkewe alete chai. Mama alileta, akanisalimia kwa heshima, akaketi kwenye mkeka na ungo wa maharagwe ya kuchambua. Mzee aliniuliza habari za ndege, kama ni kweli watu hupewa chakula huko juu. Nilimjibu. Niliona kwamba nikijibu swali la pili nitarudi Rongo bila kusema.

"Jaduong'," nilisema, "siku ile ya Homa Bay sikukuita."

Aliinamisha sikio upande wangu.

"Ulisimama ukaniuliza uingie. Mimi nikakuzuia kwa kiganja. Dakika mbili na nusu. Nilipokuita alikuwa amekwisha. Ile ripoti niliongopa."

Nyanya moja ilikuwa bado mkononi mwake. Aliigeuza akaitazama upande wa pili.

"Sema tena," alisema. "Sema kwa Dholuo, huyu mama asikie."

Nilisema tena kwa Dholuo. Katika lugha ya nyumbani ilikuwa fupi zaidi na mbaya zaidi. Mikono ya mama ikaacha maharagwe.

Mzee akavua miwani, akaikunja, akaiweka kwenye benchi. "Hii kitu nilinunua baada ya matanga," alisema. "Daktari aliniambia macho yako sawa, mzee. Nikamwambia hapana, nipe tu. Inaniumiza kichwa kila siku." Alisugua pua palipokuwa na alama. "Mimi niliona kiganja. Nilikuwa najua niliona kiganja. Lakini karatasi ilisomwa. Refa ana macho, nikasema. Amesoma. Labda mimi ndio nilichoka, labda mikono yangu imekuwa mizito na sijui. Kwa hiyo niliona vizuri?"

"Uliona vizuri."

"Na ningeingia ningemtoa ulimi."

"Ungemtoa."

Alitikisa kichwa pole pole kwa muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilikuwa nimejiandaa hata kupigwa, na njiani nilikuwa nimepanga kwamba sitajikinga. Nikaanza kusema kwamba nitakwenda Kosele kwa mama wa kijana, kwamba nitayasema haya haya huko, na kwamba katibu wa timu yupo hai naye nitamwambia. Niliongea haraka. Lazima nikiri kwamba nilianza kujisikia mwepesi.

Mke wake ndiye aliyenikatiza. Hakuinua sauti.

"Alikataa kushika watu," alisema. "Tangu siku hiyo. Wakileta mtoto anawaambia pelekeni Homa Bay, mimi si mtu wa kushika mgonjwa."

"Mama," mzee alisema.

"Wacha asikie. Nyakwara alikuwa na miaka minne, mtoto wa binti yetu. Alikuwa anakula mahindi hapo ulipoketi. Punje ikamkaba. Nikamwambia huyu, mshike, wewe unajua. Ameshika wangapi hivyo, anawageuza kichwa chini anawapiga mgongoni, punje inatoka. Akasema macho yangu si mazuri, mikono yangu si mizuri, nitamuua kama yule wa Kosele. Akakimbia barabarani kutafuta gari. Gari lilipokuja, Nyakwara alikuwa amekwisha."

Nilimgeukia mzee. Alikuwa akiitazama mikono yake, ameifungua juu ya magoti, na alikuwa analia bila sauti.

Nilitamka neno pole. Sijui nilitaka kuongeza nini. Mama alinyanyuka, akanyoosha mkono akachukua kikombe changu cha chai kikiwa bado nusu, akaimwaga chai chini mbele ya miguu yangu, akaingia nacho ndani. Mzee hakumkataza.